Siku ya Mawe Chekechea

Kipindi cha hadithi na ufundi kuhusu mawe, kwa watoto wa miaka 4 hadi 6, huanza wiki moja kabla, kwa kuokota mawe. Jijini Mwanza kazi hiyo hudharauliwa, maana mji wote umekaa juu ya majabali ya itale, na Jiwe la Bismarck limesimama ziwani kama abiria aliyeachwa na kivuko. Tabu ni kupata jiwe la kuenea kiganjani. Kipimo ni bomba la ndani la karatasi ya chooni: jiwe linalopita humo ni dogo mno, kwani litapita mdomoni pia, au litakwama puani. Mwalimu asiyepima huijua njia ya zahanati.

Mawe huoshwa na kuanikwa siku moja kabla, kwa sababu rangi haishiki penye maji. Yasianikwe karibu na nyumba inayojengwa. Fundi huyahesabu kuwa kokoto.

Hadithi inayofaa iko ng'ambo ya ziwa, Kit-Mikayi, kwenye lundo la majabali kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Kwa Kijaluo jina hilo ni jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja alilipenda jiwe hilo akawa anashinda hapo kutwa, mkewe akimpelekea chakula. Mke huyo akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu kuwa yuko kwa mke mkubwa. Watu wazima hucheka hapo. Watoto huuliza mke mkubwa alipika nini. Anayebuni jibu ataulizwa pia kuhusu mboga.

Kwenye ufundi, rangi ya maji hutoka jiwe likilowa. Ya akriliki haitoki, si kwenye jiwe wala kwenye sare, hivyo msimamizi huchagua wa kugombana naye. Macho ya vifungo yaliyobandikwa kwa gundi ya karatasi huteremka polepole, na jiwe lililochorwa sungura huwa nayo kidevuni kabla ya uji. Waliomaliza mapema huanzisha mdako bila kuambiwa. Mchezo huo ni wa nje; dari ni shahidi.

Mpango hutenga pia meza ya maonyesho. Hiyo hubaki tupu, kwa kuwa jiwe likishapewa jina hulala kwa mwenyewe. Wazazi wapekue mifuko kabla ya kufua.