Zunguka Nyuma

Kizingo, Mombasa, mtu mzima akionekana juu ya baiskeli huwa ama anapunguza kitambi ama analeta maziwa. Mimi naendea kazi yangu Mji wa Kale, na hilo haliwaingii watu akilini. Nimefika kwa rafiki yangu, askari wa getini hakungoja salamu: “Wa maziwa? Zunguka nyuma.”

Washauri wa baiskeli huanza na kofia ngumu na nguo za kubana. Hawajalaza baiskeli karibu na bahari ya Mama Ngina. Hapa adui ni chumvi. Usiku mmoja wa upepo wa bahari, na mnyororo umeamka umepakwa hina. Ufute kwa tambara kavu, utie mafuta ya cherehani tone tone, kisha ufute tena yaliyozidi, kwani hayo ndiyo yanayonasa mchanga, na mchanga ndio unaosaga meno ya gea. Grisi nzito usitie. Mafuta ya kupikia usitie hata shemeji yako akiapa.

Halafu upepo wenyewe. Kaskazi, Desemba hadi Machi, hukukabili asubuhi unapokwenda, tena ndiyo miezi ya joto. Ofisini unaingia umelowa chepechepe. Kusi ukishika zamu, asubuhi unakusukuma kwa heshima zote, jioni umekungojea Treasury Square ukurudishe ulikotoka. Kwa hivyo shati la kazi liende ndani ya mfuko, livaliwe huko huko.

Ijumaa, kanzu ikunjwe mpaka kiunoni na suruali iwe ndani. Aliyenishauri nikae upande kama bibi harusi hajawahi kupanda hata ngazi.

Kabla ya kuingia Ndia Kuu, kagua breki zote mbili. Kona huoni mbele, na nyuma ya kona kuna tuktuk, mkokoteni, watoto wa chuoni na paka. Kengele? Paka wa Mji wa Kale hawaondokei kengele. Piga kelele “Simile!” kama hamali, watu watapisha, paka watafikiria.

La muhimu kuliko yote: usiwe na keria. Ukiwa na keria, ukoo mzima una lori. “Maadamu wapita Marikiti, mwanangu,” shangazi huanza, na sentensi hiyo huishia kwenye gunia la viazi. Nimeing'oa. Jana kaniletea zawadi, kikapu kikubwa cha kufunga mbele.