Baridi ya Kileo

Njoo Kileo mwezi wa pili, saa nane mchana, uone mbuzi wanavyogombania kivuli cha nguzo ya umeme. Wenzetu wa Usangi kule mlimani wana haki ya kuvaa makoti. Sisi huku tambarare tunalala madirisha wazi na bado tunajipepea. Lakini mtu akichechemea hatua mbili tu barabarani, atasikia: "Pole mzee. Hiyo ni baridi." Baridi ipi? Ilishuka na basi gani?

Dole gumba la mguu wangu wa kulia lilikwenda kulala likiwa zima. Usiku wa manane likaniamsha, limevimba, linang'aa, linawaka moto, hata shuka likiligusa naona nyota. Kulipokucha, kabla sijamaliza kumweleza mke wangu, majirani walishapata majibu. Wa bodaboda alisema baridi. Mama muuza mkaa alisema nimekanyaga kitu kilichotegwa, tena aliyekitega anamjua. Mjomba akapiga simu kutoka Usangi: "Punguza nyama." Na anajua fika kwamba mimi nyama nakutana nayo kwenye misiba ya watu.

Kijana wa duka la dawa hakuuliza hata ni kiungo gani. Alihesabu vidonge vya diklofenaki, akavitia kwenye kibahasha. "Asubuhi na jioni. Na maharage uache." Uache maharage! Huyo anamwambia Mpare aache makande, afadhali angeniambia nihame wilaya. Tena ni uzushi mtupu. Vinavyopandisha tindikali ya yuriki mwilini, ile inayochoma viungo, ni nyama, maini, figo, dagaa na bia. Watafiti waliowafuatilia watu kwa miaka mingi hawakuona kwamba walaji wa maharage wanaugua zaidi.

Wapare tunasemwa nchi nzima kwa kupenda kesi. Mimi sikatai. Lakini hata mahakama ya mwanzo mshtakiwa anasomewa shtaka, wanaitwa mashahidi, ndipo hukumu inatoka. Viungo vyetu vinahukumiwa kabla havijakamatwa, na hukumu ni moja kwa wote: diklofenaki kutwa mara mbili, mpaka tumbo litoboke au figo zikate rufaa.

Nikaenda hospitali moja, sitaitaja maana nikiugua tena nitarudi hukohuko. Aliyenipokea alinitazama usoni, mguuni hakufika. "Mzee wangu, ni umri tu." Niliingia na dole, nikatoka na cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2011 marehemu Babu Ambilikile Mwasapile kule Samunge, Loliondo, alimnywesha kila mtu kikombe cha dawa kwa shilingi 500 bila kudai kwamba amempima. Huyu wangu aliandika kabisa kwenye cheti, akagonga na muhuri.

Madaktari bingwa wa magonjwa ya viungo nchini mwetu ni wa kuhesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe ndivyo vinavyouma. Niliyempata Moshi wala hakuwa mmoja wao. Alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani tu, ila ana kipaji cha kuuliza. Yalianza ghafla au polepole? Kiungo kimoja au vingi? Upande mmoja au pande zote mbili? Ukiamka viungo vimekaza, vinachukua muda gani kuachia? Je, maziwa mabichi unakunywa? Maana brusela nayo hukaa kwenye viungo, na sisi tunaishi na ng'ombe. Umepata homa karibuni? Hapo akaitaja chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza hapahapa nchini, kusini huko upande wa Newala, mwaka 1952. Homa yake ikishaondoka, viungo vinaweza kuuma kwa miezi.

Halafu akauliza: "Unatumia dawa gani?" Nikamwaga mezani vidonge vyangu vya presha. Akaokota kimoja, kile cha kunikojoza, akakigeuza-geuza, akatabasamu. Kumbe kidonge hicho huzifanya figo zing'ang'anie tindikali ya yuriki badala ya kuitoa. Watu wanamtafuta mchawi wa mtaa wa pili, na mshukiwa nimemweka mfukoni mwenyewe, namlipia kila mwezi. Akanibadilishia, akanionya kwamba dawa ya presha haiachwi hivihivi kwa uamuzi wa mgonjwa.

Kisha akachukua sindano nyembamba, akavuta majimaji kwenye kiungo cha dole. Sitaeleza nilichosema, kulikuwa na sista jirani. Tone likawekwa kwenye kioo, akaangalia kama kuna vijidudu, maana kiungo chenye usaha huharibika ndani ya siku chache na hakisubiri foleni. Vijidudu havikuwepo. Akaniita nichungulie kwenye hadubini: vijiti vyembamba, ncha kali huku na huku, vimetawanyika hovyo. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanichoma. Gauti, au jongo kama wasemavyo wazee. Na cha ajabu, kipimo cha damu kilikuwa kimeonyesha tindikali iko sawasawa! Daktari akasema dole likiwa limechachamaa, kiwango kwenye damu huweza kushuka, kwa hiyo ile karatasi haimwachii mtu huru.

Mimi basi nimepona. Hasira yangu imebaki kwa ajili ya shemeji, mke wa mdogo wangu. Huyu vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwenye vifundo, na viwiko vya mikono navyo. Asubuhi hawezi kufunga khanga wala kushika mwiko, mpaka saa nne ndipo mikono inaanza kumtii. Kwa miaka amesuguliwa mafuta ya kondoo kwa ajili ya hiyo baridi yetu ya Kileo. Alipopimwa damu wakamwambia hakuna kitu. Lakini kipimo kile kinaweza kusoma hakuna kwa mgonjwa kweli, na kikasoma kipo kwa mtu mwenye kifua kikuu ambaye ugonjwa wa shemeji hana. Ilibidi nimburuze Moshi ndipo mtu akamshika mikono, akabonyeza kifundo kimoja baada ya kingine. Ni rumatoidi: kinga ya mwili imewageukia wenyeji, inakula viungo, na wanawake inawapata kiasi cha mara tatu kuliko wanaume. Kiungo kikishaliwa hakirudi. Amepewa methotrekseti, mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki, maana ikimezwa kila siku inaua. Mdogo wangu ameandika "JUMAPILI" kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito.

Kuna na jirani yangu, mzee mwenye goti lililosagika kwa kupanda na kushuka milima na mizigo. Lake linauma akitembea, akikaa linatulia. Asubuhi likikaza ni dakika chache tu, halifiki nusu saa. Anachohitaji ni mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza kitambi. Anachokunywa ni unga wa kuosha damu, kopo kwa kopo.

Sasa amesikia nina vidonge vya Moshi, akaja na kikombe cha maji mkononi tayari. Nikamweleza kwamba vidonge hivyo ni alopurinoli, haitulizi maumivu, kazi yake ni kushusha tindikali, na goti lake halina tindikali ya kushusha. Nikamwambia hata mimi sikuanzishwa siku ileile dole lilipokuwa linawaka. Hakusikia. Ameondoka akisema nina choyo, amenifikisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, tunasikilizwa Jumamosi. Nimeshaomba goti lipokelewe kama kielelezo.