Namna ya Kumwangusha Mzee kwa Heshima Zote

Mzee haanguki hivi hivi, huandaliwa. Nasema kwa uzoefu, maana nilimtoa mama Pangani nikamleta mjini, na haya yote nikamfanyia kwa mapenzi.

Anza na mbuzi. Mama wa miaka 71 bado anakuna nazi, majirani watasemaje? Mpokonye. Usijisumbue kukumbuka kwamba kila siku alikuwa akishuka hadi kwenye kile kibao kifupi, akikuna, kisha akiinuka na bakuli mkononi bila kugusa ukuta. Vijana hulipia zoezi hilo hilo jimu, tena na kioo mbele. Wewe nunua tui la pakiti.

Kisha sofa. Chagua lile linalommeza mtu hadi magoti yakalingana na kifua. Rimoti iwe mkononi, chai imfuate alipo. Wajukuu wafundishwe: bibi akijitikisa tu, wote kwa pamoja, "Bibi, kaa, tunaleta!" Misuli huanza kupungua mtu akiwa bado kwenye miaka ya thelathini, na akishavuka sitini hupungua kwa kasi zaidi. Sofa ni la kuusaidia uzee tu, usije ukachoka njiani.

Sakafu nayo weka vigae vinavyong'aa. Mlangoni mwa bafu tandika kimkeka kinachokimbia, na ndala zilizolika mwachie, amezizoea.

Akianza kuyumba, mpige marufuku kutembea. Hapa ndipo penye ufundi. Anayeogopa kuanguka hutembea kidogo, anayetembea kidogo hulegea miguu, na miguu ikilegea kazi yako imekwisha.

Wajuaji hawatakosekana. Watakwambia Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, liliwashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki. Watakuletea habari za daktari Maria Fiatarone wa Boston, ambaye mwaka 1990 alieleza alivyowanyanyulisha vyuma kwa miguu wakazi dhaifu wa nyumba ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90. Kwa wiki 8 tu nguvu za miguu zikapanda zaidi ya maradufu. Wajibu kwamba hao ni Wazungu, mama yako ana presha.

Mimi nilifuata hatua zote. Mwezi wa nane kimkeka kikafanya kazi yake, na mama akavunjika mkono. Mtaalamu wa viungo akaleta kiti cha jikoni, akamwambia ainuke na kukaa mara kumi, asijishike popote. Siku ile aliweza mara mbili. Akaniangalia kama mtu anayedai chake.

Siku hizi ni kumi asubuhi, kumi jioni, halafu anasimama mguu mmoja, kidole kimoja kwenye sinki, huku akichungulia maharage. Mbuzi yake ameidai nikaitoa stoo. Juzi nikasimama kando yake nami nijaribu, mguu mmoja juu, mikono kiunoni kwa madaha. Sijafika hata saba nikadandia mlango wa friji.

Mama hakugeuka. "Pole, baba," alisema. "Nikuletee kiti?"