Kipande Kilichopinda ni cha Waoga

Tuwape heko wastaafu wa Marekani wanaotembea na nyumba yenye injini, gari dogo likiburutwa nyuma, magurudumu yote manne chini. Vitabu vya watengenezaji vinashikilia eti chuma cha kukokotea kilale sawa, mwinamo usizidi inchi 3 au 4 hivi. Ukizidi, fungeni kile kipande kilichopinda kinachoshusha kiungo. Maskini wahandisi! Aliyelipa dola laki kadhaa kwa nyumba hana budi kubana matumizi mahali fulani. Chuma kiinamie chini kama mtumishi mbele ya sultani. Breki zikishikwa ghafla, gari litajiingiza lenyewe chini ya bampa, kivulini.

Wapo wakarimu zaidi. Kipande kimoja hakiwatoshi, wanachomeka cha pili ndani ya cha kwanza, pini mbili, minyororo ikichora cheche kwenye lami. Uzito unaoruhusiwa hufuata kipande dhaifu kuliko vyote, lakini kikishapakwa rangi nyeusi, nani atakijua?

Msomaji, ukiwakuta barabarani usiwasumbue kwa honi. Wapite mapema, ukae mbele yao.