Kuku Ndani ya Mashine ya Kufulia

Watu wa mbali wakisikia Buluo, hapa kwetu Katanga, Kongo, hufikiria gereza. Sisi wa ukoo tunafikiria nyumba ya muyomba, kaka mkubwa wa mama yangu, ambaye tangu mkewe ajifungue mapacha hakuna anayemwita jina lingine ila Shamapasa. Mkewe naye ni Mama Mapasa. Mama huyo alikuwa akisema Buluo ina wafungwa wawili zaidi ambao gereza haliwahesabu: mmoja kajifungia mwenyewe, mwingine kafungiwa na mume wake.

Walichofungiwa nacho ni vitu. Sebuleni kulikuwa na friji mbili zilizokufa enzi za Zaire. Moja ilitunza mbegu za mahindi. Ya pili ilitunza karatasi: hati za mishahara, risiti, kadi za chanjo za watoto ambao sasa wana watoto wao. Nyuma yake kulikuwa na fremu za baiskeli bila magurudumu, magurudumu bila fremu, cherehani isiyo na mkanda, helmeti za kiwandani, mota za umeme zilizopasuliwa matumbo, na nyaya za shaba zimetundikwa misumarini. Barazani bidoni za njano zilipandana hadi kuziba nusu ya dirisha. Chumba cha wageni kilikuwa na mashine ya kufulia ya Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ilikaa juu ya kitanda, kwa kuwa sakafuni hapakuwa na nafasi. Mgeni alilazwa kwa jirani.

Usimhukumu haraka. Shamapasa alikuwa fundi umeme wa viwandani hapa Likasi, na mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines walipoondoka kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, yeye alikuwa mmoja wao. Kabla ya hapo alikuwa ameona kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikiporomoka hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Alikuwa ameona pia Desemba 1979, Rais Mobutu alipofuta noti za zaire 5 na 10 na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Baba yake alibaki na mfuko wa karatasi. Mtu aliyepitia hayo haamini noti, anaamini chuma. Mota haifutwi kwa tangazo la redio.

Kwa hiyo ukigusa kitu chochote ulisikia sentensi ileile: "Acha, mwipwa. Ile iko na kazi." Na kweli, mara moja moja ilikuwa na kazi. Umeme ukileta nguvu nyingi na kuunguza kifaa cha mtu usiku, Shamapasa alitoa kipande kutoka nyuma ya friji na asubuhi kifaa kikawaka. Tatizo ni kwamba kwa kipande kimoja kilichopata kazi, vingine mia vilikuwa vikimngoja Mama Mapasa avipanguse, avisogeze, avifagie chini, avikinge mvua paa likivuja.

Na Mama Mapasa alikuwa amechoka, ila si kwa uchovu wa mikono. Aliacha kupokea nyumbani kwake likelemba, upatu wa akina mama, akawa anatuma mchango wake kwa mtoto. Alitafuta kadi yake ya uchaguzi mchana kutwa, akalia, kisha akaipata ndani ya helmeti. Usiku alihesabu. "Shilali tena," aliniambia. "Nikifunga macho naona kazi. Nikifungua naziona zaidi." Alianza kufoka kwa mambo madogo, kijiko, kandambili, halafu akajilaumu kwa kufoka. Wanawe walidhani ni uzee.

Mjukuu wao anayesomea uuguzi Lubumbashi hakukubali kuwa ni uzee. Alikuja likizo akatueleza, tumekaa barazani katikati ya bidoni, kuhusu utafiti wa Darby Saxbe na Rena Repetti uliochapishwa mwaka 2010 huko Marekani. Walichunguza jozi 30 za wanandoa wa Los Angeles wenye watoto, wote wakiwa waajiriwa. Kila mmoja alizungumza akitembea ndani ya nyumba yake, kisha mate yake yakapimwa kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda tunapobanwa na mambo. Kwa kawaida homoni hiyo huwa juu asubuhi na kushuka kadiri jua linavyozama. Kwa wanawake walioieleza nyumba yao kama mrundikano na kazi zisizoisha, haikushuka inavyotakiwa, na moyo wao ulizidi kuwa mzito kufikia jioni. Kwa waume zao hali hiyo haikuonekana vilevile.

"Unaona?" mjukuu alisema; nkambo kwetu ni babu au bibi. "Nkambo anapita katikati ya vitu. Vitu vinapita katikati ya nkambo mwanamke."

Shamapasa alifikiri kidogo. "Ile ya Los Angeles," akajibu, "beko na umeme kila siku." Mjadala ukaishia hapo.

Kilichoufungua tena ni kuku. Oktoba, joto la kabla ya mvua, madirisha yote wazi, na kuku mwekundu wa Mama Mapasa akatoweka, yuleyule aliyekuwa akitaga vizuri. Walimtafuta nyuma ya choo, kwenye mihogo, barabarani. Shamapasa alikuwa na jibu tayari: jirani. Jirani huyo, mtu wa watu na mtumishi kanisani, ndiye aliyekuwa akiwalaza wageni wetu bure. Shamapasa alimpeleka kwa shefu wa mtaa. Alisema alinusa mchuzi. Mke wa jirani aliacha kumsalimu Mama Mapasa kisimani, na Mama Mapasa, aliyekuwa amebakiwa na rafiki huyo mmoja tu, akaacha kula usiku.

Kuku hutamia siku 21. Siku ya kesi ya pili, shefu amekaa sebuleni ubavu ubavu, goti lake likigusa friji ya karatasi, sauti nyembamba zilianza kutoka chumba cha wageni. Zikawa nyingi. Mtoto mmoja alitumwa, akarudi akicheka hadi akashindwa kusema. Tulienda wote, mmoja nyuma ya mwingine kwa kuwa njia haikuruhusu wawili, tukamkuta kuku mwekundu amekaa ndani ya tundu la mviringo la mashine ya kufulia, anatukodolea macho kama mwenye nyumba, na vifaranga wakimtoka chini ya mbawa. Kwa mara ya kwanza tangu iletwe Buluo, mashine ile ilikuwa imefanya kazi.

Shefu alimtoza Shamapasa kreti ya bia ya Simba na maneno ya kuomba radhi mbele ya watu. Jirani alipewa pia vifaranga wawili. Wengi walicheka, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Mama Mapasa hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini: "Nyumba yangu imemuita muntu mwizi."

Wiki iliyofuata Shamapasa alienda matangani Kambove. Hajafika hata njia kuu, mkewe alishawaita vijana wa mitraye, wale wanaozunguka na mkokoteni na mizani wakinunua vyuma chakavu. Walifanya kazi kama siafu. Nakiri roho yangu ilifurahi kuona kipande cha sakafu ya sebule, saruji nyekundu iliyopakwa nta, ambayo wajukuu hawakujua kuwa ipo. Ila mzee alirudi mapema kuliko tulivyotazamia, na mlangoni mwa Likasi akapishana na mkokoteni uliobeba friji. Aliitambua kwa kovu la mlango. Aliwasimamisha vijana, akaifungua, akakuta hati yake ya mshahara ya mwaka 1988 imebaki ndani. Aliinunua friji yake mwenyewe kwa bei kubwa kuliko waliyomlipa mkewe, akakodi mkokoteni uleule kuirudisha. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuzungumza na mtu, akaanza kuokota hata vizibo vya chupa.

Hapo ndipo hukumu yangu ilipo, na sitaificha: kumsafishia mtu nyumba kwa kumvizia ni kumwongezea hofu ileile iliyomfanya arundike. Shamapasa alikuwa amenyang'anywa mara nyingi na serikali. Sasa alinyang'anywa na mwenzake wa kitanda.

Mjukuu alirudi na njia nyingine. Kwanza alituhakikishia kuwa mzee si mgonjwa. Upo ugonjwa wa kurundika unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, ambao mtu huumia kuachana hata na takataka na nyumba ikashindwa kutumika, na huyo anahitaji daktari. Nkambo, alisema, anaweza kutoa akijua kinakokwenda. Wala hakuleta lile swali la Marie Kondo, Mjapani aliyeuza vitabu dunia nzima kwa kuwaambia watu wabaki na kinachowapa furaha. Hakuna mtu Katanga aliyeweka mota iliyoungua kwa ajili ya furaha. Swali lake lilikuwa jingine: "Nkambo, hii atatumia nani?"

Kitu kilichopata jina kilienda kwa mwenye jina kabla ya Jumapili. Nyaya zilienda kwa vijana wawili wanaofunga mota Kikula. Walikuja kuzichukua, mzee akawaonyesha namna ya kuhesabu mizunguko ya waya, wakarudi kesho yake na daftari. Cherehani ilipata binti wa jirani. Kisichopata jina kiliwekwa mizani ya mitraye, na mzee mwenyewe ndiye aliyesoma kilo. Mashine ya kufulia haikupata jina. Aliipigapiga bega, ikaondoka.

Sanduku la bati ndilo lililochukua jioni nzima. Ndani mlikuwa na zaire, vibunda vilivyofungwa kwa mpira, zikiwemo noti za milioni 5 za mwaka 1992. Mjukuu alipiga hesabu. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilifanywa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikafanywa faranga 1. Kupata faranga moja ya siku ile, mzee angehitaji noti 60,000 za milioni 5. Shamapasa aliomba arudie hesabu. Kisha akacheka hadi akashika ukuta, na ukuta ulikuwepo wa kushikwa. Watoto walipewa noti wachezee duka.

Si kila kitu kilitoka. Mama Mapasa ana vitenge ambavyo hajawahi kuvaa na sahani za arusi, na mjukuu alipouliza nani atavitumia, alijibiwa aende akasome. Ni haki yake. Vimekaa kwenye kabati moja, na kabati linafungika.

Likelemba imerudi kwa Mama Mapasa, na mke wa jirani hukaa karibu na dirisha lililofunguka. Zamu ya Mama Mapasa ya kupokea ilipofika, alinunua godoro. Shamapasa aliuliza la zamani litawekwa wapi. Lilitoka siku hiyohiyo, na yeye ndiye aliyelibeba upande mmoja.