Barua ya Wazi kwa Idara ya Elimu: Walimu Wamezidi Maswali

Kwa Waheshimiwa wa Idara ya Elimu,
Westminster, London.

YAH: MTAZAMO MBAYA WA WALIMU KUHUSU TEKNOLOJIA

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia kuwashtaki walimu wenzangu. Kila maonyesho ya teknolojia ya elimu ya BETT yakifunguliwa ukumbini ExCeL hapa London, tunasikia kwamba teknolojia iko tayari, kikwazo ni mwalimu. Kweli tupu. Kompyuta haijawahi kumuuliza mtu, "Hii itamsaidia nini mtoto?"

Shtaka la kwanza: hawasahau. Kupitia London Challenge, mpango wa kuinua shule, mlizipatia sekondari za jiji hili mbao za kielektroniki. Januari 2004 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Charles Clarke, akaahidi kwamba kila darasa la kesho litakuwa na ubao wa namna hiyo. Watafiti wa Taasisi ya Elimu ya Chuo Kikuu cha London wakapima matunda yake. Ripoti yao ya 2007 ilisema mbao zinatumika, ila haikupata ushahidi kwamba zilipandisha alama za wanafunzi katika mwaka uliopimwa. Nyinyi mlishayapita hayo. Walimu, kwa utovu wa nidhamu, bado wanayakumbuka.

Shtaka la pili: wanadai mafunzo. Becta, shirika la serikali lililozishauri shule kuhusu teknolojia, lilifungwa 2011. Mwenye akili angeelewa kwamba ushauri umekwisha, kilichobaki ni kununua.

Shtaka la tatu: wazito wa kuelewa. Februari 2024 mlitoa mwongozo wa kupiga marufuku simu shuleni. Agosti mwaka huohuo mkatangaza pauni milioni 4 za kuinoa akili mnemba isaidie kuandaa masomo na kusahihisha. Asubuhi mwalimu anamnyang'anya mtoto simu. Jioni kazi ya nyumbani ya mtoto huyohuyo iko mtandaoni. Mtoto akiuliza, "Sasa sir, mnataka nini?" mwalimu anababaika. Mtazamo gani huo?

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kusaini malipo ya mashine yoyote ijayo, Mheshimiwa Waziri aje aifundishie wanafunzi wa Mwaka wa 9, Ijumaa, kipindi cha mwisho, mvua ikinyesha na mtandao umegoma. Akitoka anatabasamu, tutabadili mtazamo siku hiyohiyo. Akitoka na maswali, msimshtaki kwa ukaidi. Mpeni kipindi cha Jumatatu. Tuna upungufu wa walimu.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa hisabati, London Mashariki