Shangazi Dizeli Anajibu: Nimwache au Nibaki Naye?

Wiki hii bahasha zimekuja zikinuka oili. Wanaoniandikia kuhusu mawifi na wake wenza wamekaa kimya, na nafasi yao imechukuliwa na wenye magari ya kuvutia. Siwashangai. Mtu akishakaa na gari moja la dizeli miaka mingi, siku ya kuliuza humtafuta shangazi kabla ya dalali. Nipo, semeni.

*Shangazi, shikamoo. Nina brekdauni, Scania 113, nafanya kazi kati ya Mikumi na Kitonga. Umri wake unamzidi utingo wangu. Juzi tumepanda Kitonga tukivuta lori la mbolea, ikatoa moshi mweusi hadi nyani wakahama barabara. Mwanangu wa kwanza, ambaye amesoma, anataka niiuze tuchukue ya kisasa iliyotumika Ulaya, ya kompyuta. Mke wangu anasema nisithubutu. Silali. Nimwache au nibaki naye?*
*Mnyonge wa Mlimani*

Marahaba, mpwa wangu. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua, na haujawahi kuvunja nyumba ya mtu. Safisha kichujio cha hewa, peleka nozo kwa fundi wa pampu, kagua mabomba ya tabo kama hayavuji, halafu upande tena. Moshi wa kukunyima usingizi ni wa bluu, kwa sababu huo ni oili inaungua, au mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto. Ukitaka kujua hali ya ringi, acha injini iungurume, fungua kifuniko cha kutilia oili, kigeuze na ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kikitulia, lala. Kikirukaruka na hewa ya moto ikakupiga usoni, anza kuchanga pesa ya ova-hoo. Hicho ni kipimo cha gereji, maabara haikitambui, lakini mafundi wamekiamini miaka yote na mimi niko upande wao.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe, mke na msomi wenu hamjaligusa. Nyote watatu mnabishana juu ya injini, wakati brekdauni huchakaa kwanza pale inaposhikia. Unaijua kazi hii kunizidi: unalikuta lori limekufa kwenye kona, matangi yake ya upepo yameisha, breki za springi zimeng'ang'ania magurudumu ya nyuma na hazitaachia mpaka uziletee upepo. Unavuta mpira kutoka kwako unaliwekea. Kama mabomba yake yamepasuka, unalala chini na spana, unafungua boliti ya nyuma ya kila chemba, moja baada ya nyingine, huku magari yanakupita sentimita chache kutoka miguuni. Kisha unatoa propela. Wavivu hawaitoi. Basi shafti ya giaboksi inazunguka wakati injini imelala, hakuna cha kuirushia oili, na mteja anafika Iringa na ugonjwa wa pili aliokulipa umpatie.

Kwa hiyo nataka majibu haya kabla ya kesi kuendelea. Kompresa yako inajaza upepo wa magari mawili kwa muda gani? Ukikanyaga breki mara kadhaa mfululizo ukiwa umesimama, sindano ya upepo inashuka na kurudi, au inashuka na kubaki hukohuko? Pini ya mkono wa kuvutia imelika kiasi gani? Ngoma za breki ulizifungua lini? Kupanda Kitonga ni sifa ya kusimulia kijiweni. Kushuka kuelekea Ruaha Mbuyuni na lori lililokufa linakusukuma mgongoni, halina breki ya injini hata kidogo, hapo wewe peke yako unayashika mawili. Ukinijibu vizuri hayo yote, mke wako ameshinda. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwanao naye nisimwonee, maana ana nusu ya hoja. Magari mengi mapya zaidi yana ritada, breki ya ziada ya kupunguza mwendo, na kwa kazi ya kushuka mlima ritada ni kitu cha kupiga magoti kukiomba. Kosa lake ni kuitaka mpya kuliko dizeli yetu. Injini za Euro 6 zimeundwa kwa dizeli ya Ulaya yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Huku Afrika Mashariki kiwango tulichokubaliana kuanzia Januari 2015 kilikuwa 50, tena hapo hujahesabu dumu lililochanganywa na mjanja njiani. Sensa moja ikinuna usiku wa manane kule Mahenge, gari linajipunguzia nguvu lenyewe, na hutapata mtu wa kulisoma mpaka Iringa au Morogoro. Brekdauni ikihitaji brekdauni, biashara imekwisha siku hiyo. Kama lazima mbadilishe, tafuteni ya kizazi cha katikati, kabla ya Euro 6, yenye ritada, na ambayo fundi wenu wa Mikumi ameshawahi kuilalia chini.

Na uanze daftari. Andika bei ya spea, sawa, ila andika pia kila simu uliyoikataa kwa sababu gari liko gereji. Wenye magari wote wanakumbuka bei ya pampu. Zile simu hawazikumbuki, nazo ndizo zinazowafilisi. Zikianza kufanana na rejesho la mkopo wa gari jingine, niandikie upya, na safari hii nitasimama na msomi.

*Shangazi, hujambo. Niko Kilifi. Nina pikapu ya Land Cruiser, injini ya 1HZ, navutia boti ya fiberi ya watalii kuingia na kutoka majini. Injini yanguruma kama siku ya kwanza. Ila fundi wangu amegonga chesisi kwa nyundo, nyundo ikaingia. Nifanyeje? Nampenda sana.*
*Mpenda Bahari*

Sijambo, mwanangu. Nyundo ikiingia kwenye chesisi hapo hakuna penzi tena, kuna matanga. Hiyo 1HZ ni injini ya lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta, na nakuamini kwamba itawazika majirani zako. Lakini ndoano ya kuvutia imefungwa kwenye chesisi, haikufungwa kwenye injini. Siku chesisi itakapoachia, boti itakwenda na kipande chake na wewe utabaki na usukani.

Usikubali kuwekewa viraka vya bati na kupakwa rangi nyeusi juu. Chuma kipya kikichomelewa juu ya kilichooza, hushika mwezi wa kwanza tu. Injini hiyo ina bei nzuri hata ikiwa nje ya gari, iuze peke yake. Kama utaihamishia kwenye gari jingine, namba yake ibadilishwe kwenye logbook kwa njia rasmi, usije ukaonekana mwizi wa mali yako mwenyewe.

Kuagiza kutoka nje, Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo usitarajie kupata kizee cha bei nafuu bandarini Mombasa. Ningekuwa wewe ningesubiri mnada wa mashirika na ofisi zinazoondoa magari yao ya bara. Pikapu iliyozeekea Lodwar itakuwa imekula vumbi, viti vimechanika, springi zimelala, lakini tumbo lake ni kavu. Vumbi linafagiliwa. Chumvi haifagiliwi. Ukimpata, mwulize muuzaji mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, maana kwa injini hiyo kawaida ni kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi kuna watu huitoa balbu ili isiwasumbue.

Huyo mpya usimuue kama ulivyomuua huyu. Mkifika ufukweni msishushe tela majini papo hapo. Beringi zimetoka barabarani zikiwa za moto, zikizamishwa kwenye maji ya baridi hewa iliyomo ndani husinyaa ghafla na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Difu ya pikapu hufanya vilevile ukirudi nyuma mpaka ekseli ikalowa. Subirini zipoe, kunyweni madafu. Bomba la kupumulia la difu liongezewe mpira na upandishwe juu ya bodi. Jioni, maji matamu kwa wingi, kuanzia chini. Na mara mojamoja fungua nati ya difu utazame oili: ikitoka nyeupe nyeupe, bahari imeshaingia ndani.

*Shangazi, mambo! Nina kampuni ndogo ya maturubai na viti hapa Dodoma. Navuta tela kwa Prado ya dizeli, 3.0 D-4D. Siku hizi inachoka, ikifika spidi 80 tela linacheza mziki, na taa ya oili iliwaka kidogo ikazima. Nataka kuiuza haraka nichukue V8. Unaonaje?*
*Kijana wa Sherehe*

Poa, mjukuu. Naona unataka kuoa mke mkubwa zaidi kwa sababu nyumba haina paa.

Tuanze na tela. Kiti cha plastiki kina kilo mbili na ushee. Viti 400, hiyo ni karibu tani moja, na hatujapakia mabomba ya turubai, jenereta, spika, wala wale vijana wawili wanaokaa juu ya mzigo kinyume cha sheria. Sasa inama utazame magurudumu ya tela: lina breki zake? Nilijua. Prado kama yako inaruhusiwa kuvuta takriban kilo 750 za tela lisilo na breki. Umekuwa ukivuta mara mbili au tatu ya hapo na kulisimamisha kwa breki za gari peke yake, kisha unashangaa kwamba mama wa watu amechoka. V8 italivuta hilo tela kwa kasi zaidi, na litakusukuma kwa kasi zaidi vilevile.

Kucheza mziki kunatokana na upakiaji. Vijana wako wanatanguliza viti, jenereta linakuja mwisho karibu na mlango ili liwe rahisi kushusha. Mkia ukizidi uzito, unainyanyua ndoano, na tela linaanza kuamua njia yake. Weka jenereta mbele kidogo ya ekseli. Karibu moja ya kumi ya uzito wote wa tela inatakiwa kukaa kwenye ndoano, na unaweza kupima kwa mizani ya gunia: iweke chini ya mkono wa tela, tela likiwa limepakiwa na limelala sawa.

Hiyo taa ya oili uliyoitaja mwishoni, kana kwamba unaniambia habari za mvua, ndiyo barua yenyewe. Injini yako, 1KD, ina tabia inayojulikana. Washa ndogo za shaba zilizo chini ya nozo zikianza kuvuja, moshi wa moto kutoka kwenye silinda unapanda na kuipika oili. Oili inageuka masizi, masizi yanashuka kwenye sampo, yanaziba chujio la pampu, na injini inakaa bila oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Zima gari. Usiliendeshe mpaka Jumamosi kwa sababu kuna harusi mtaa wa Kikuyu. Fundi ashushe sampo, atazame chujio, atoe nozo na kubadilisha washa. Akikuta safi, gari lako ni zima, nunua ekseli ya tela yenye breki na uendelee na maisha. Akikuta tope jeusi na beringi za kranki zimeshakwanguka, uza, ila mwambie mnunuzi ukweli. Dodoma habari hazijifichi, na wewe ndiye unayewapangia watu viti.

*Shangazi, mwanangu yuko Muscat, ataka kuniletea Land Cruiser kutoka huko niwe navutia tela la mawe hapa Unguja. Yasemekana za huko ni madhubuti. Nimwache Isuzu wangu?*
*Baba Mstaafu*

Kaka yangu, madhubuti ni madhubuti, sikatai. Lakini za huko usukani uko kushoto, na nyingi ni za petroli. Ukiwa nyuma ya daladala barabara ya Amani na tela la mawe, ili uone kama kuna gari linakuja mbele itabidi umtume mtu wa kiti cha kulia achungulie. Na petroli kwa mawe itakunywa pensheni yote kabla ya Ramadhani. Mwanao akuletee halua. Pesa ya meli aiweke kwenye klachi na springi za Isuzu.

*Shangazi, mume wangu ana Land Rover Defender, 300Tdi, haliuzi wala halitumii. Anasema ni gari la kuvutia, siku moja litahitajika. Usiku analifunika blanketi letu. Arusha ni baridi.*
*Mke wa Pili Bila Mahari*

Pole, dada. Defender za umbo hilo ziliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, na tangu siku hiyo kila mwenye nayo anajiona amekabidhiwa amana. Mwulize mambo mawili, kwa upole, akiwa ameshakula. La kwanza, mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limelala, na ukikatika valvu na pistoni zinakutana. La pili, mwambie akuonyeshe tela. Kama halipo, gari la kuvutia linavuta nini? Mpe mwezi mmoja atafute kazi ya kulipa, hata kusomba maji ya majirani. Akishindwa, liuzwe likiwa bado linawaka kwa ufunguo, kwa sababu lenye kusukumwa mnunuzi hulilipia bei ya chuma chakavu.

Blanketi lichukue leo usiku. Mwambie Shangazi karuhusu.